Msiyatupe matairi makuukuu, wala msiyaendeshee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme na wenye magari ya kale, hasa yale ambayo hayajawahi kukarabatiwa: rangi ni ile ile ya kiwandani ingawa imepauka, viti ni vile vile ingawa ngozi imepasuka, na shaba ya taa imeota ukijani. Kosa linalojirudia kwenye magari haya haliko kwenye injini wala kwenye bodi. Liko chini, kwenye matairi. Mtu hataki gari lake la 1915 lifutwe hata kwa kitambaa chenye mafuta, halafu analivisha matairi ya ubavu mweupe mpana unaomeremeta, mtindo wa miaka ya 1950. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwenzake, kwa kuogopa kuharibu uasili, anaingia barabarani na matairi ya miaka 80 yaliyokauka kama magome. Wote wawili wamekosea, ila huyu wa pili anaweza kuua mtu.

Tuelewane kwanza juu ya neno "asili". Tairi unalolikuta kwenye gari si lazima liwe lile lililotoka nalo kiwandani, na kwa gari la kabla ya 1920 karibu hakika silo. Matairi ya wakati ule yalijengwa kwa kanvasi ya pamba iliyofumwa kama turubai, uzi mmoja ukipita juu ya mwingine. Kila tairi lilipobonyea, nyuzi zilisuguana, zikapata joto, zikakatana zenyewe kwa zenyewe. Umri wake ulihesabiwa kwa maili elfu chache tu. Yalipokuja matairi ya nyuzi zilizolazwa upande mmoja, tabaka moja likitengwa na jingine kwa mpira, watu waliyapokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo gari lililotembea miaka 10 lilikwisha kubadilisha matairi mara nyingi. Swali la kujiuliza ni hili: tunalionyesha gari likiwa katika mwaka gani wa maisha yake?

Kwa gari lililokarabatiwa likawa jipya, jibu ni mwaka lililotengenezwa. Kwa gari ambalo halijaguswa, mimi naona jibu la haki zaidi ni miaka yake ya mwisho ya kazi, kabla halijaegeshwa bandani. Gari la 1913 lililofanya kazi hadi 1928 likivaa matairi meusi ya miaka ya 1920, hakuna atakayelisuta. Ukilivisha matairi meupe ya siku ya kuzaliwa kwake hujakosea kwa kalenda, lakini weupe huo mpya ukikaa chini ya rangi iliyopauka, jicho litakwenda kwenye matairi tu na gari lenyewe halitaonekana.

Ushahidi utafute kwenye gari. Anza na tairi la akiba, maana aghalabu ndilo lenye umri mkubwa kuliko yote na ndilo lililotumika kidogo. Fungua sanduku la vifaa na uinue mito ya viti. Risiti na vipande vya karatasi hupenda kujificha huko. Picha ya zamani ya gari hilo hilo, hata kama ni ndogo, huonyesha nakshi ya meno na rangi ya ubavu. Nakshi zenyewe zina majina na tarehe: Firestone walichonga maneno "NON SKID" juu ya mpira kuanzia 1908, yakageuka kuwa meno ya tairi, Goodyear walikuwa na vitalu vya umbo la almasi, kampuni ya Pennsylvania walikuwa na duara za kufyonza kama vikombe. Ukiona alama ya duara hizo imebaki kwenye vumbi la sakafu ya banda, umekwisha kupata jibu la nusu.

Sasa vipimo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Matairi ya zamani ya upepo mwingi yaliandikwa kwa kimo cha nje na unene. Tairi la 30x3½ lina kimo cha inchi 30 na unene wa inchi 3½. Ukitaka kujua rimu yake, toa unene mara mbili: 30 toa 7, inabaki 23. La 30x3 linakaa kwenye rimu ya inchi 24. Ford Model T za mwanzo zilivaa 30x3 mbele na 30x3½ nyuma, na anayedhani matairi hayo yanabadilishana kwa sababu yote yanaanza na 30 ataona mwenyewe wakati wa kufunga. Kwa hesabu hiyo hiyo, 31x4 inaingia kwenye rimu ya 30x3½, kwa sababu 31 toa 8 ni 23 vilevile. Zamani watu walilitumia kama tairi la ukubwa wa kupita kiasi ili kupunguza mtikisiko. Ukilinunua leo, pima kwanza nafasi chini ya bawa la gurudumu, kwenye kishikio cha tairi la akiba, na mbele usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho.

Matairi ya baluni, yaani manene ya upepo mdogo, ambayo Firestone waliyaleta 1923, yaligeuza mtindo wa kuandika: unene kwanza, rimu baadaye. Model T za 1926 na 1927 zilivaa 4.40-21. Model A za 1928 na 1929 ni 4.50-21, za 1930 na 1931 ni 4.75-19. Lakini katika kipindi cha mpito tairi lile lile liliweza kuandikwa 29x4.40, na ukitumia kanuni ya kutoa mara mbili hapo utapotea, maana kwa baluni haifanyi kazi. Magari ya Ulaya yana milimita zake: 710x90, 765x105, 820x120 na kadhalika, kimo cha nje kikitangulia. Hizo usizigeuze kuwa inchi kwa kukisia. Agiza kwa namba ile ile.

Usiamini namba iliyo ubavuni mwa tairi lililopo, huenda aliyelifunga alitumia alichokipata. Soma namba iliyogongwa kwenye rimu, linganisha na kitabu cha gari, kisha pima mwenyewe. Zungusha futi ya kitambaa pale tairi linapokaa, si juu ya kingo za rimu, ugawe kwa 3.14. Rimu ya inchi 19 itakupa mzingo wa karibu inchi 59.7, ya 21 inatoa 66, ya 23 inatoa 72.3, ya 24 inatoa 75.4, ya 25 inatoa 78.5. Kama hesabu haiangukii karibu na mojawapo ya namba kamili, ama umepima juu ya kingo, ama rimu imepinda.

Namba ikishapatikana, kazi haijaisha, kwa sababu namba haisemi tairi linashikaje. Tairi la klincha lina ukingo wa mpira wenye midomo inayoingia chini ya kingo za rimu zilizokunjwa kama kulabu. Halina waya wa chuma. Linavutika, na kinachoushikilia mdomo ndani ya kulabu ni upepo. Tairi la ukingo ulionyooka lina waya ndani ya ukingo, halivutiki, na rimu yake haina kulabu. Kulikuwa na 30x3½ za aina zote mbili. Ukifunga klincha kwenye rimu isiyo na kulabu litaruka ukiwa unalijaza upepo, na ukiwa umeliinamia litakupata usoni. Angalia pia zile rimu zenye pete za pembeni zinazotoka na kugeuzwa: upande mmoja una kulabu, mwingine umenyooka. Aliyefunga mara ya mwisho huenda aligeuza pete moja akasahau ya pili. Pitisha kidole pande zote mbili kabla hujaagiza chochote.

Rangi nayo ina historia yake. Mpira ukichanganywa na oksidi ya zinki hutoa tairi jeupe au la kijivu, na ndiyo sababu magari ya mwanzo yalikuwa na matairi ya rangi hiyo, hayakuwa mapambo. Katika miaka ya 1910 masizi yakaanza kutiwa kwenye mpira wa kukanyagia, ukawa mgumu kuchakaa mara nyingi zaidi. Masizi yalitiwa pale yanapohitajika, kwa hiyo kwa muda palikuwa na matairi meusi chini na mbavu za rangi nyepesi. Ubavu mweupe mpana wa baadaye ulikuwa wa kulipia zaidi, na magari ya kawaida kama Model A yalitoka na matairi meusi. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 mstari mweupe ukapungua ukawa wa inchi moja au chini yake. Anayelivisha gari la 1963 ubavu mweupe wa inchi 3 na anayelivisha Model T ubavu huo huo wamefanya kosa moja, mmoja kachelewa na mwingine kawahi. Na radiali je, yaani tairi ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine? Michelin walipata hataza yao ya tairi la aina hiyo 1946, kwa hiyo gari la kabla ya hapo halina radiali katika historia yake. Zaidi ya historia, radiali huvuta kingo za rimu kwa namna ambayo rimu za zamani hazikujengewa, zikaanza kupasuka. Usizifunge kwenye rimu za spoki za mbao, na usizichanganye na matairi ya kawaida kwenye gari moja.

Kuna jambo linaloulizwa sana: matairi ambayo hayajawahi kutumika, yaliyokaa ghalani tangu miaka ya 1930, bado yamefungwa karatasi yake. Yanunue kama unataka kuyaweka kwenye maonyesho. Usiyatie barabarani. Mpira huzeeka kwa hewa na mwanga hata bila kuzunguka, na pamba ya ndani huoza kwa unyevu. Jaribu hivi: bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye ubavu. Mpira mzima hubonyea ukarudi; uliokufa haupokei alama, au unamenyeka vipande. Halafu panua ukingo utazame ndani kwa tochi. Kama nyuzi zimegeuka kahawia na ukivuta uzi mmoja unakatika bila sauti kama nguo iliyooshwa sana, tairi hilo halina kitu cha kushika upepo, liwe na meno marefu kiasi gani. Linaweza kukubali upepo wa paundi 60 ukiwa umeliegesha, likapasuka ubavu maili mbili baadaye likishapata joto.

Ya kuendeshea nunua mapya yaliyotengenezwa kwa sura ya zamani. Coker Tire ya Chattanooga, Tennessee, iko kwenye biashara hii tangu 1958. Blockley wa Uingereza na Michelin wenyewe wanatoa saizi nyingi za kale. Saizi zisizotembea sana hutengenezwa kwa mafungu, na fungu likiisha unaweza kungoja miezi. Kwa hiyo nunua matano kwa mpigo, ya fungu moja. Matairi mawili ya nyuma yenye vimo tofauti, hata kwa nusu inchi, huifanya difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti) ifanye kazi gari likienda moja kwa moja, kazi ambayo iliwekewa kwenye kona tu. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kimo halisi kilichopimwa tairi likiwa na upepo, si kilichoandikwa; unene wake na limepimwa kwenye rimu ya upana gani; uzito linaobeba; na tarehe ya kutengenezwa. Kwenye matairi ya tangu mwaka 2000 tarehe ni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile inayoanza na herufi hizo ubavuni: 1423 ni wiki ya 14 ya 2023. Omba picha ya pande zote mbili. Mengi yana maandishi marefu ya kisasa upande mmoja tu, na upande huo ndio utakaoutazamisha ndani.

Ukipya wake unapunguzwa, hauondolewi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ili kutoa ute wa kalibu. Kata zile nywele za mpira kwa wembe uliolala, kisha pitisha msasa laini wenye maji pale paliposimama mstari wa kalibu. Inatosha, vumbi la barabarani litamalizia. Petroli na tina zisiguse mpira: hung'arisha kwa saa moja na kuukausha kwa miaka. Mafuta ya kung'arishia matairi ndiyo mabaya kuliko yote kwenye gari la namna hii. Na kama ubavu mweupe umekuja na rangi ya bluu ya kuukinga, itoe kwa maji na sabuni kabla hujaliendesha.

Tuje kwenye kufunga, hasa klincha. Rimu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane ndani ya kulabu, maana unga wa kutu uliojificha pale ndio unaokata mdomo wa tairi. Kingo zilizobonyezwa na safari za pancha zinyooshwe kwa nyundo juu ya kipande cha chuma, polepole. Rangi ipakwe nyembamba. Ikiwa nene hugandana na mpira. Ndani ya tairi ondoa vibandiko vyote vya karatasi na usugue mabonge ya mpira, kwani kona ya kibandiko ikisugua tyubu kwa miezi michache hutoboa tundu dogo ambalo hutalijua limetoka wapi. Paka poda tyubu nzima, itie upepo kidogo tu ipate umbo. Tairi liachwe juani saa moja lilainike. Anzia kwenye valvu, ukiisukuma juu ili midomo yote miwili ipite chini ya tyubu na kuingia kwenye kulabu, kisha zunguka pande zote mbili kwa vyuma visivyo na ncha kali, mwendo mfupi mfupi. Ukihisi umelazimisha, tyubu imebanwa.

Jaza paundi 20, simama pembeni, zungusha gurudumu utazame kama mstari wa ubavuni uko sawa kutoka kwenye rimu pande zote. Toa upepo wote tyubu ijinyooshe, jaza tena. Kanuni ya zamani ilikuwa paundi 20 kwa kila inchi ya unene: inchi 3 paundi 60, inchi 3½ paundi 70, inchi 4 paundi 80. Kwa gari jepesi kama Model T, matairi mapya ya 30x3½ hutosheka na 55 hadi 60, lakini kiwango alichoandika mtengenezaji wa tairi ndicho cha kufuata. Baluni ni karibu 35. Usishushe upepo wa klincha kutafuta ulaini wa safari. Upepo ukipungua tairi huteleza juu ya rimu, na dalili ya kwanza ni valvu kuanza kulala upande mmoja. Ukiiona imelala, simama hapo hapo. Gurudumu likizunguka mara chache tena, shina la valvu litachanika na upepo wote utatoka kwa mpigo.

Valvu zenyewe zinahitaji neno. Matundu ya rimu za zamani yalichimbwa kwa mashina ya chuma, na shina la mpira la tyubu ya kisasa likicheza ndani ya tundu pana hukatika shingoni. Tafuta tyubu yenye shina la chuma la urefu unaopita kwenye mbao za gurudumu, au weka kikombe cha kuziba nafasi. Nati, vifuniko vya vumbi na vizibo vya shaba vitoke kwenye tyubu za zamani virudi juu ya mpya. Ni vitu vidogo, ila mtazamaji anayejua huanzia hapo.

Na rimu zenye pete ya kufungia zipigwe upepo zikiwa ndani ya kizimba cha chuma, au zimefungwa mnyororo na pete imetazama chini. Pete ikikaa vibaya usiigonge kwa nyundo huku kuna upepo ndani. Toa upepo wote, anza upya.

Yamebaki yale makuukuu. Klincha lililokauka halitoki bila kuvunjika. Mdomo wake haukunjiki tena. Kama rimu za gari lako ni za kubanduka, acha tairi la zamani juu ya rimu yake, tafuta seti ya pili ya rimu za aina hiyo kwa ajili ya matairi ya kuendeshea, na mambo yote mawili yatakuwa yamehifadhiwa. Kama si za kubanduka na lazima tairi litoke, liache juani, tumia sabuni laini, nenda nusu inchi nusu inchi, na ukubali kwamba moja kati ya manne huenda likapasuka. Lililotoka lisindiliwe vitambaa au karatasi ndani lisijikunje, lilazwe mahali pakavu penye giza na baridi, mbali na petroli na mbali na mota za umeme, kwa kuwa cheche zake hutoa ozoni inayopasua mpira. Gari likienda kwenye maonyesho na matairi hayo, liinuliwe juu ya vigingi mpaka tairi liguse sakafu bila kubeba uzito. Ndani ya ukingo andika kwa chaki nafasi lilipokuwa, mbele au nyuma, kulia au kushoto, na tarehe lilipotolewa. Juu ya ubavu usiandike kitu.

Wako katika ujenzi wa magurudumu,
Fundi wa matairi ya kale